Ninaficha Mudomo Kanisani

Da Raisa, amahoro, amani kwako na kwa wote wa radio, nakuomba unisaidie ila jina langu usilisome. Mimi ni mama wa Kigwena, tunapika mafuta ya mawese wamama wengi pamoja, na jino liliponisumbua wenzangu wakanipa tumbaku niweke kwa ufizi, maumivu ikatulia, nikarudilia, na leo siwezi kukoroga sufuria bila tumbaku mu mudomo, wanacheka, "Weye, huyo bwana wako wa mudomoni utamuacha lini?" na mimi nacheka nao, lakini kanisani kwetu tumbaku ni zambi na mimi ndiye naongoza wimbo wa wamama.

Sasa pale ninapoiweka iko alama nyeupe, ngumu kama ngozi ya kisigino, ufizi umerudi nyuma, meno yanatikisika, kila asubuhi ninapaka mawese ya moto kidogo na haitoki, lakini haiumi, ndiyo maana nilijituliza. Mwezi mzima siimbi, nasema ni koo. Binti yangu Schékinah akaniambia, "Mama, unaongea kama mutu amebeba maji mu kinywa, fungua nione," nikamugombeza mbele ya watoto wake, na hakuwa na kosa. Ningeenda kwa Josias, muganga wetu wa zahanati, lakini anapiga gitaa kanisani, nitamufungulia vipi huu mudomo? Aibu yangu inapita woga wa hii alama.

Mama wa Kigwena

*

Mama yangu, pole, na vumilia nikugombeze kidogo. Tumbaku haikutibu jino. Ililaza maumivu huku ikila ufizi. Kwa hiyo usijitulize kwa kuwa haiumi: alama ya namna hiyo inaweza kuwa mwanzo wa kansa, bila kuuma hata kidogo. Inaweza pia isiwe. Mimi kwa radio siwezi kujua, na wewe na mawese yako hamwezi.

Acha kuyapaka, na tumbaku usiirudishe. Utaitamani, utakuwa mkali. Waambie wenzako wasikupe, na wakicheka wacheke. Alama ikipita wiki mbili haijatoka inaonwa na muganga, na yako imepita zamani. Josias akiwa kazini siri za wagonjwa ni zake kutunza. Moyo ukikataa kabisa, panda basi uende Rumonge mjini uulize muganga wa meno, ila iwe juma hili.

Nenda na Schékinah. Hakukudharau, aliogopa, basi muombe radhi kwanza. Na ukikaa mbele ya muganga usizunguke. Sema, "Ninaweka tumbaku hapa," halafu fungua kinywa.