Gitaa la Kumjibu Rejina

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefunga tena maikrofoni mbele ya spika. Chai imepoa. Rejina, mwimbaji mwenzangu wa zamani, ametuma sauti yake kutoka Nairobi: wimbo wetu wa Bukavu, tuliokuwa tukiupiga kabla vita havijatutawanya. Alhamisi anapasuliwa koo. Huenda asiimbe tena. Daktari amemwambia bila kuzunguka. Sehemu ya gitaa imebaki kwangu. Nataka ule mkwaruzo wa zamani, mnene, wenye joto. Nimezungusha kitufe cha mkwaruzo kwenye amplifaya hadi mwisho. Chumbani gitaa linanguruma vizuri. Kwenye kompyuta ni nyuki ndani ya debe. Nimechukia.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepunguza mkwaruzo hadi nusu, nikaongeza sauti ya amplifaya yenyewe. Maikrofoni nimeisogeza kutoka katikati ya spika hadi karibu na ukingo. Nyuki wametoka. Hajati Zamu, mwenye nyumba, ameita kutoka uani: "Muzee, iyo gitaa iko na mafua?" Nikamjibu inaanza kupona. "Basi pea yeye tangawizi!" Nimecheka peke yangu muda mrefu.

Baadaye nimefumba macho. Ziwa Kivu, kijivu, limetulia. Miaka yote hii ugenini hapa Makindye, na bado linakuja bila kuitwa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeisikiliza sauti yake peke yake. Imechakaa pembeni, kama kitenge kilichofuliwa sana. Nimeogopa kuifunika. Nimepiga kwa upole, karibu bila mkwaruzo. Safi kabisa. Nimetuma. Nimejiona muungwana.

Ijumaa, 8 Agosti
Upasuaji umepita salama. Haruhusiwi kusema. Ameandika kwa simu, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwetu: "Yaya, nani alikutuma unionee huruma? Huu wimbo ni ugomvi. Nijibu!"

Nimeona haya. Katika wimbo mwanamke anamfukuza mume mlevi, na gitaa ndilo mume. Mimi nimempigia gitaa la matanga, naye yu hai.

Jumamosi, 9 Agosti
Mchana mkwaruzo ulikuwa mkavu, wenye kingo kali. Nimeacha.

Jioni mtaa mzima umewasha pasi na majiko. Umeme ukanywea, mwanga wa chumba ukawa rangi ya chai. Amplifaya yangu ni ya zamani, ya zile taa za kioo zinazowaka ndani. Ikipata umeme haba, inalegea. Kila noti ilichelewa kidogo, ikavimba, ikalia. Sikugusa kitufe. Nilimkatiza Rejina kwenye rekodi yake, nilimzomea, nilimjibu kabla hajamaliza. Hakuzama. Alipanda juu yangu, kama zamani. Sijui chumba kile kilikuwa wapi, Makindye hakikuwa. Mara moja tu, kisha umeme ukarudi na nguvu zake. Imetosha. Nimetuma.

Jumatatu, 11 Agosti
Rejina ameandika neno moja: "Mshenzi." Nimefurahi kupita kiasi.

Sauti yake haijarudi. Daktari hasemi lini, wala kama itarudi.

Manyunyu. Hajati anaanua nguo. Nimeifungua rekodi tena. Noti yangu ya mwisho iliendelea kulia baada ya yeye kunyamaza, ndefu, nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimeikata. Sasa wimbo unaishia kwenye pumzi yake.