Msumari wa Koti Lako

Baba Yustina,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na darasa langu la nne lile ulilokuwa ukinitania nalo. Ningemwambia Yustina aandike, maana mwandiko wake ni kama wa kitabu, lakini haya siyo ya kuandikiwa na mtoto. Kichwa kimenivurugika. Nikiyaweka kwenye karatasi labda yatatulia.

Kwanza ujue nyumba imeezekwa bati. Ndiyo, bati. Siku hizi ushirika haununui mahindi, wanunuzi wanakuja wenyewe na malori hadi Laela, kila mtu anamuuzia anayemtaka, na mimi mkeo niliuza vizuri. Jua likiwaka, nyumba yetu inaonekana kutoka kanisani. Wanawake wa jumuiya wanajifanya hawaioni. Wanaiona.

Halafu mtoto wako amemaliza chuo cha mifugo. Serikali haikumwajiri, wanasema inapunguza watu, hata josho letu limekauka, mbuzi wanalala ndani yake. Basi amejiajiri. Anapita na baiskeli, buti za mpira na mkoba wa dawa, na wale wazee wa Kisukuma waliohamia na makundi yao ya ng'ombe wanamwita Daktari. Binti yako huyo, wa kwanza hapa kijijini. Mimi husimama njiani makusudi nisikie wakimwita.

Sasa jambo lenyewe. Ng'ombe wako Shujaa alianza kuchechemea, mguu wa nyuma, wa kushoto, mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yameshakaa juu. Unajua mwenyewe, Shujaa asipotembea, Meli hawezi kuvuta plau peke yake, na sisi tunarudi kwenye jembe la mkono. Mimi na mgongo huu.

Nikajua ni mimi niliyemuumiza. Mafundi walipoezeka walitupa misumari na vipande vya bati ovyo hadi njia ya zizini, nami nilikuwa natazama juu tu, nalisifu paa. Wewe kila jioni uliifagia ile njia, ukaokota mawe na vipande vya chupa. "Ng'ombe halimi kwa pembe, Mama Yustina. Analima kwa kwato." Nami nilikujibu kwamba ng'ombe wanafagiliwa kuliko mke. Tangu ulipoondoka hakuna aliyefagia. Ufagio wako niliuegemeza nyuma ya jiko, basi.

Jirani yetu Masanja alikuja, akamzunguka Shujaa mara mbili, akasema nimuuze. Mchinjaji wa Laela amchukue akiwa bado ana nyama. Yustina akasema hakuna kuuza kabla kwato haijatazamwa. Mmoja ana ng'ombe tangu kuzaliwa, mwingine ana cheti. Nimsikilize nani? Wewe ndiye niliyezoea kukuuliza.

Na Shujaa akawa hataki kushikwa. Alimpiga teke Yustina, Daktari mzima akakaa kwenye matope na mkoba wake. Masanja alicheka mpaka akashikilia uzio.

Hapo ndipo nikakumbuka kikohozi chako. Ulikuwa unakohoa kidogo kabla ya kumgusa, ajue ni wewe uliye nyuma yake, naye anakupa mguu. Kuna kitu sikukuambia. Zile siku za mwisho, ulipolala ndani na kikohozi kikawa siyo cha kumwita ng'ombe tena, nilimwona Shujaa kupitia dirishani. Unakohoa, anainua mguu. Unakohoa, anainua. Anageuza shingo kuona mbona huji. Sikujua nicheke au nilie. Mpaka leo sijajua.

Basi nikasimama nyuma yake, nikakohoa. Akainua mguu.

Yustina alikwangua tope lililogandia katikati ya kwato, akavuta, usaha ukatoka na msumari ukatoka. Mimi nilishapanga maneno ya kumwambia padre kuhusu majivuno yangu na bati. Lakini msumari wa bati una kofia, Baba Yustina. Huu haukuwa na kofia. Ulikuwa mrefu, mnene, wenye kutu, umekunjwa kichwani.

Nikaujua. Ni ule ulioupigilia kwenye nguzo ya lango la zizi, ukaukunja uwe wa kutundikia koti wakati unakagua kwato. Baada ya matanga niliagiza nguzo ile ing'olewe. Kila asubuhi nilikuwa nauona msumari usio na koti, nikashindwa. Waliipasua kuni pale pale langoni. Msumari hakuna aliyeutafuta, hata mimi.

Sasa niambie kosa ni la nani. Wewe uliupigilia, mimi niliung'oa. Nilitaka nisiukumbuke, ukaenda kukaa kwenye mguu wa ng'ombe wako. Nakukasirikia, halafu najikasirikia, halafu nausafisha msumari kwa majivu na kuuweka kwenye kikopo chenye rozari. Hivi mtu mwenye akili anafanya hivyo?

Yustina aliiosha kwato kwa maji ya vuguvugu na chumvi, akapaka dawa, akaifunga kitambaa na kipande cha kiroba. Tumemwekea mabua makavu asimame juu yake. Masanja anatangaza kwamba kwa mama wa bati hata ng'ombe anavaa kiatu. Mchinjaji alikuja, nikamrudisha. Kama nilikosea sijui. Wenzetu wameanza kulima, sisi bado. Yustina anasema tusubiri. Lakini jana Shujaa alikanyagia ule mguu, wote, akausimamia.

Nimesimika nguzo mpya, yenye kigingi cha mti, haina chuma. Koti lako liko pale. Wanasema mjane amechanganyikiwa, anatundika koti zizini. Si uongo, nimechanganyikiwa. Ila njia nimeifagia, na nitaifagia kila jioni maadamu nina mikono, na kwato za Shujaa na Meli nitazishika moja moja kama ulivyozishika wewe. Hilo nakuahidi, mengine bado nayatafuta.

Pumzika, mume wangu. Ukisikia mtu anakohoa zizini jioni, usiamke.

Ni mimi,
Mama Yustina