Jina Lina Mwenyewe

Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho,
Nyuma ya karakana ya vioo.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Watu huanza barua kwa "natumai u mzima wa afya", nami nilianza hivyo, kisha nikaikunja karatasi nikaitupa, maana wewe hupendi kudanganywa. Basi nakuuliza kwa kweli: unaendeleaje? Mkono je? Usingizi unakuja? Unakula, au unamsukumia Baba Mdogo sahani akumalizie? Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, niliyejitia matatani tangu Jumatano. Sababu nitakueleza.

Kila nikimwuliza Baba Mdogo habari zako, ananijibu kwenye simu maneno mawili tu: "Anaendelea vizuri." Unamjua mumeo. Nyumba ikiungua atasema kuna moshi kidogo. Kwa hiyo nilimbana kitinda mimba wako mpaka akanimwagia yote. Kasema miguu sasa inakubali na unafika hadi barazani peke yako, lakini kalamu hutaki hata kuiona. Kasema yule mtaalamu wa mazoezi alikuwekea kalamu mkononi, ukamtupia, ikampata kwenye miwani. Nilicheka, Mama Mdogo. Halafu nikaenda jikoni nikalia.

Na siku ile nilipokupigia nilikusikia ukianza kusema kitu ukakwama, ukarudia ukakwama, kisha nikasikia simu ikiwekwa mezani. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini naona kiharusi kimeupandikiza wako mmoja. Usinionee haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusemesha kwa mate na kigugumizi mpaka nikaanza shule, na hukunicheka. Haya, ulinicheka, lakini hukuacha kusikiliza.

Chumba changu kiko vile vile. Mafundi wa vioo huku nyuma hufanya kazi hata Jumapili, na sasa hivi kuna kioo kinalia chini ya mashine kama kinaumwa jino. Ukiona mstari umeyumba, ni wao.

Sasa habari ya kazini. Unakijua kile kikaragosi changu cha zambarau, cha sponji, chenye macho ya vifungo. Bado nakivaa mkononi nikiwa nimejikunyata chini ya meza ya studio, kiwiko kinawaka moto, huku juu watoto wanaona kiumbe kinachojua kila kitu. Jina lake unajua lilikotoka, maana ni lako. Nilipoanza kusema, "Mama Mdogo" ilinishinda, nikawa nakuita kitu changu mwenyewe, na nyumba nzima ikaniiga. Kipindi kilipotafuta jina la kikaragosi kibishi, kidevu juu, kisichokubali kushindwa, nililitoa hilo bila kufikiri mara mbili. Kazini hawajui. Wanadhani nimelibuni.

Shida ni kwamba hakuna aliyekaa chini akaamua linaandikwaje. Mwanzo wa kipindi linatokea Mang'odo, kwa ng' ya ng'ombe. Kwenye madaftari ya watoto ni Mangodo, kwa ng ya ngoma. Barua za kituo kwenda shuleni zinasema Mamgodo. Na lile bango kubwa la barabarani, mtu wa matangazo aliliandika kwenye simu, simu ikajifanya inajua kuliko yeye, likatoka MAGODORO. Wiki nzima watu walipiga simu kituoni kuuliza futi tano kwa sita ni bei gani.

Tulicheka, lakini kicheko kimeisha. Mwalimu mmoja ametuandikia kwamba alimkosoa mwanafunzi wake, mtoto akalia, akasema ameliona jina kwa macho yake kwenye televisheni. Alikuwa ameliona kweli, maskini. Ndipo mkuu wetu wa vipindi vya watoto akaitisha kikao Jumatano. Tunamwita Bi Mkasi, kwa sababu hakuna asichokikata. Anataka tahajia moja tu, kisha vitabu vya hadithi viende mtamboni. Yeye ameshachagua Mangodo. Anasema ile alama ya juu ni kama inzi aliyetua kwenye karatasi, inasumbua kompyuta, ikatwe.

Nikasimama. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, labda ni kwa kuzoea kukaa chini ya meza. Nikasema jina lina mwenyewe, halikatwi bila mwenyewe kuulizwa.

"Mwenyewe nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Nikasema ni mtaalamu wa lugha, anaishi mbali, mimi naweza kumwandikia. Akataka kujua mtaalamu wa nini hasa. Nikasema, "Wa majina." Mwenzangu anayeshika kikaragosi cha bata akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Basi alete jibu kwa maandishi," akasema Bi Mkasi, "kwa mkono wake na sahihi yake, kabla mwezi haujaisha. Lisipofika, nakata."

Kwa hiyo, Mama Mdogo, hongera, nimekupa cheo. Na mimi nimekalia kuti kavu.

Utasema, kwa nini nisiwaambie mwenyewe? Sijui, Mama Mdogo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuwa mtoto wa miaka miwili. Nimesimama mbele ya kioo nikijaribu kulisema kitoto, nikilegeza midomo, nikivuta kamasi, na kinachotoka ni sauti ya mtu mzima anayejifanya. Studioni nako, siku nyingine natamka kwa ng'ombe, siku nyingine kwa ngoma, mpaka mwenye bata ananiuliza leo nimeamkia upande gani. Marehemu Mama angekumbuka, lakini ndiyo hivyo, hatunaye. Umebaki wewe tu. Wewe ndiye uliyeitwa, ukageuka, ukaitika.

Nikuambie ukweli mwingine? Bi Mkasi simwogopi kivile. Akinifukuza kutoka chini ya meza, nitasimama wima na mgongo utashukuru. Ninachoogopa ni wewe. Naogopa kwamba umeamua, kama maneno hayatoki sawasawa, basi yasitoke kabisa. Naamka na hofu hiyo, naenda nayo kazini, naweka mkono ndani ya kikaragosi nayo imo. Hebu fikiri ningefanya hivyo mimi utotoni, nikasubiri mpaka niweze kulitamka vizuri. Ungekaa miaka mingapi bila kuitwa na mimi?

Ndani ya bahasha nimetia kadi tupu na bahasha nyingine yenye anwani yangu na stempu yake. Chukua kalamu. Mkono wa kulia ukigoma, uache ugome, tumia wa kushoto. Herufi zikipinda, zipinde. Zikienda juu kama zinapanda ngazi, ziende. Usimpe Baba Mdogo akuandikie. Mwandiko wake wa kikarani naujua, na Bi Mkasi si mjinga. Wala usifute ukaanza upya. Lile la kwanza ndilo ninalolitaka, pamoja na mikwaruzo yake.

Na utakavyoandika ndivyo itakavyokuwa, mwanzoni mwa kipindi, kwenye madaftari, kwenye bango, vitabuni. Usiogope kukosea, jina hili hulikosei, ni lako. Ukiandika Magodoro, watoto wote wataimba Magodoro, na mimi chini ya meza nitaimba nao.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie nadai maneno zaidi ya mawili. Mbusu kitinda mimba na umwambie asiogope, sitamtaja tena kuwa ndiye aliyenimwagia, ingawa nimekwisha kumtaja. Mtaalamu wa mazoezi mpe pole ya miwani, na umwombe arudi. Safari hii akikuwekea kalamu, ishike.

Mungu akulegezee mkono na ulimi, akurudishie usingizi, ila ubishi wako asiupunguze hata kidogo, maana naona huo ndio dawa yenyewe. Kila jioni nitapita kwenye sanduku la barua kabla ya kupanda ngazi.

Nakupenda, nami nakungoja,

Mwanao, yule aliyekosea kukuita, nawe ukaitika.