Jumba Jekundu Kwenye Ramani

Shoga, nimelipiza!

Bosi kasimama mbele ya wageni, ramani yetu ya mafuriko imejaa ukuta mzima, eti "nimeichora mwenyewe." Mwenyewe! Na sisi tuliokodolea picha za setilaiti macho mpaka yakawasha?

Kasahau kwamba ramani ile iko mtandaoni, ni ya wote. Ukichora kitu kwenye simu yako, ukutani kinaonekana hapo hapo.

Basi nikalizungushia mstari mwekundu lile jumba lililojengwa katikati ya mkondo wa mto. Nikaandika: "Maji yalizibwa hapa."

Mgeni mmoja akauliza, "Hilo jumba la nani?"

Bosi, jasho linamtiririka: "Sijui."

Sijui! Kasema sijui!

Mkewe, kiti cha mbele, akadakia: "Baba watoto, si kwetu pale?"