Kwa Mchochea Moto Wangu wa Treni Ndogo

Mpendwa mume wangu,

…na hapo ndipo simu ilipokatika. Sijui kama ni mtandao, au ni wewe uliyemwashiria dada yako, yaya Béa, akate. Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa nakueleza kwamba Jumapili nilikwenda kijijini peke yangu, nikapanda kile kilima cha nyuma ya stesheni ndogo, nikakaa kwenye nyasi na kamera mapajani. Treni haikuja. Injini haijawashwa tangu siku ile ulipoungua. Nilikaa tu nikitazama reli, na reli ikinitazama.

Kwa kuwa mikono yako bado imefungwa bendeji, najua ni dada yako anayekusomea haya. Yaya Béa, habari za huko hospitalini Liège. Nakuomba usome yote, hata pale utakapoona haya. Ni mume wangu, nina ruhusa ya kusema naye mambo ya mume na mke, hata kama lazima yapite mdomoni mwako.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Mimi naikumbuka mpaka harufu. Familia ya ubalozi niliyokuwa nawalelea watoto ilinichukua kwenda nje ya Brussels, wakasema watoto watapanda treni ya zamani. Nilidhani ni treni ya kawaida iliyochakaa. Kumbe ni kitu kidogo namna ile! Reli nyembamba ambayo ningeweza kuivuka kwa hatua moja, mabehewa ya mbao yasiyo na vioo, na mbele yake injini ya mvuke, nyeusi, fupi, ikihema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Nimezaliwa Tabora, mji wa reli. Nilikua nikiziona injini za mvuke zimelala majanini nyuma ya karakana, kutu imezila, kuku wanataga ndani. Sikuwahi kuona hata moja ikiwa hai. Nikatokwa machozi pale pale. Watoto wa watu wakauliza kwa nini dada analia, nikasema ni moshi.

Katikati ya msitu treni ikasimama, tukaambiwa wenye kamera washuke. Nikashuka na kamera yangu ya kizee niliyoinunua kwenye soko la vitu vya zamani kule Marolles. Mara treni ikaanza kurudi nyuma, na watoto niliokabidhiwa wamo ndani! Nikaikimbilia juu ya kokoto na viatu vyangu vya kanisani, nikipiga kelele kwa Kiswahili, maana Kifaransa chote kilinitoka. Nawe ukachungulia kutoka kwenye injini, uso wote masizi, yanaonekana macho na meno tu, ukanijibu kwa Kiswahili.

“Mama, tulia. Inarudi nyuma juu mutoshe foto ya muzuri.”

Nilisimama kama nimepigwa msumari. Mtu wa kwetu, ndani ya moto, katika msitu wa Wabelgiji. Baadaye ulinieleza kwamba ndiyo desturi ya wapiga picha wa treni za mvuke: treni inarudi nyuma, inachukua mbio upya, inawapita tena kwa moshi mwingi na honi, kwa ajili ya picha tu. Wakati huo sikujua lolote. Ilinipita, nikabonyeza bila kutazama. Picha ile imetoka imepinda, na ndiyo niipendayo kuliko zote.

Tulipofika mwisho wa reli ukanijia, beleshi bado mkononi, ukasema: “Na mimi, unitoshe.”

Kwenu Lubumbashi kutosha ni kutoa, na mtu akitaka apigwe picha anaomba umtoshe. Lakini mimi wa Tabora ningejuaje? Kwetu mtu anayekutosha ni yule ambaye ukishampata huhitaji mwingine. Mwanamume ambaye hata sura yake sijaiona, anasimama mbele ya watu na kuniomba nimtoshe! Moyo wangu ulidunda kuliko injini. Nikatafuta jibu la heshima.

“Tutaona,” nikasema.

“Tutaona nini? Bonyeza tu.”

Ulipojua nilichokuwa nimeelewa ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanawa uso kwenye ndoo ya bati, na mimi nikaona sura yako kwa mara ya kwanza. Lakini nataka ulishike hili, mume wangu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike: nilikuwa nimeshakupenda kabla ya ile ndoo. Nilipenda sauti na meno, na mkono ulioshika beleshi. Sura ilikuja baadaye, kama nyongeza ya sokoni.

Halafu zikaja zile Jumapili zetu. Mimi kilimani na kamera, wewe ndani ya injini. Ulinifundisha kuusoma moshi: mweusi ni makaa mengi mno, mweupe ni mvuke, na ukitoka wa kijivu hafifu ujue mchochea moto anaijua kazi yake. Nami nilikuwa nataka mweusi kwa ajili ya picha, tukagombana kila wiki. Siku ulipoanza kuniita bibi yako nilinuna mpaka stesheni ya mwisho. Nilikuwa na umri gani mimi wa kuitwa bibi? Nilidhani unanifananisha na nyanya yako. Ukalazimika kumwita dada yako kwenye simu athibitishe kwamba huko kwenu bibi ni mke. Yaya, unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, “Shi anakupenda, weye unakasirika?” Nilikuwa nimeposwa bila kujua.

Na harusi yetu! Bado naifikiria nikiwa kwenye kazi yangu ya sasa ya usafi, nasukuma mashine ya kusafishia mazulia kule Schuman, nacheka peke yangu katika maofisi ya watu. Tulitoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu wa Koekelberg, tukapita kanisani, halafu badala ya ukumbi ukatupeleka wote kwenye treni. Nilipanda kwenye injini na gauni jeupe, nikakaa juu ya gunia la makaa. Wewe ulivua koti la suti ukaanza kuchochea. Guy, dereva wenu mzee, alipiga honi njia nzima, mpaka mkulima mmoja akatoka shambani kulalamika, akaishia kunywa nasi bia. Cheche zilitoboa shela langu. Tuliposhuka, yaya Béa akanizunguka akinikagua, akauliza: hii robe ni ya ndoa ao ya matanga? Ukamjibu kwamba ni ya bibi ya muntu wa makaa, na kwamba kuanzia leo nguo zake zote zitakuwa hivyo. Nguo ile sikuipeleka kwa dobi. Sitaipeleka. Imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu na vitundu vyake, na kila mgeni namwonyesha kama mtu anayeonyesha medali.

Nilikuwa na furaha ambayo ilinitia hofu. Nilikuwa naamka nakutazama ulivyolala, nasema Mungu wangu, huyu wote ni wangu.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa kazini. Guy alinieleza baadaye: mlango wa tanuru ulikuwa wazi, wewe umeinama na beleshi, upepo ukashuka kwenye bomba la moshi, na miali ya moto badala ya kupanda juu ikarudi ndani mlimokuwa. Hakuna aliyekosea. Yeye alikuwa upande wa pili, ikamshika mkono wa shati tu. Wewe ilikushika usoni.

Siku za mwanzo, ulipokuwa umelala huna habari, nilikaa nawe. Nilikuona umefungwa bendeji kichwa kizima, nikakusemesha. Bendeji za uso zilipofunguliwa ndipo ukasema asiingie mtu ila dada yako. Nilikuja, mume wangu. Nilipanda treni stesheni ya Gare du Nord na chapati ndani ya kitambaa, nikafika mpaka kwenye korido ya wodi. Muuguzi akaingia kukuambia, na kupitia mlango nikaisikia sauti yako, ile ile, ikisema hapana. Unajua nilichofanya? Nilifurahi. Nilifurahi kusikia sauti. Nilianza kulia nilipofika kwenye lifti.

Halafu ukamwambia yaya aniandikie ujumbe. Nilikuwa nimeshuka Gare du Nord, watu wa maofisini wananipita mbio kuwahi treni zao, nikausoma nimesimama katikati yao: “Asikuye. Hatanitosha tena.”

Hatanitosha tena. Asikuye ni asije, hilo nililijua; hili la pili nililisoma kwa macho ya Tabora. Nikaelewa kwamba simtoshi tena mume wangu, kwamba umenipima huko ulikolala ukaona nimepungua. Nilikaa kwenye sakafu ya stesheni na koti langu zuri, mwanamke mmoja akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Yaya Béa ndiye aliyeniokoa. Nilimpigia nikiwa siwezi hata kuunganisha maneno, nikimuuliza nimekosa nini, naye akawa haelewi, mpaka mwishowe akapaza sauti.

“Foto, mukwetu! Foto! Anaogopa ile kamera yako.”

Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka watu wakahama benchi. Lakini kicheko kilipoisha, kilichobaki ni kibaya zaidi. Kwamba mume wangu anadhani niliolewa naye kwa ajili ya picha. Kwamba anadhani jicho langu ni la kamera tu, litamkagua, litachagua, litatupa. Na yaya ameniambia mengine pia, usimgombeze, nilimbana mimi. Kwamba unasema mimi bado msichana. Kwamba ndoa ni changa, inaweza kuvunjwa bila kelele, nikatafute mtu mwenye sura.

Nakusihi usiseme hivyo. Kama uko kitandani na umekasirika, nikasirikie. Nitukane. Lakini usinigawe kwa mtu mwingine kama koti lisilokuenea. Mimi siwezi tena. Kazini wananiuliza mume mpya hajambo, najibu yuko safarini, halafu najifungia kwenye stoo ya ndoo na mifagio. Ovaroli yako ya treni sijaifua, naivaa nikipika. Nimesimama mbele ya Basilika, lile kanisa kubwa la mtaani kwetu, nikamwambia Mungu mambo ambayo mtu mzima haambii hata rafiki. Nimefikia kumwambia achukue macho yangu kama macho yangu ndiyo yanayokuzuia. Unaona nilipofika?

Wiki iliyopita Guy alikuja Koekelberg, yule mzee asiyependa mji. Alileta mapeasi ya bustani yake kwenye mfuko wa plastiki. Akaomba bisibisi, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa linavuja. Akiwa ameinama chini ya sinki nikamweleza yote, pamoja na habari ya uso. Akaendelea kukaza bomba.

“Madame,” akasema, “mimi nimefanya naye kazi miaka yote hii. Sura yake siijui vizuri. Kila nikimwona ina masizi.”

Kisha akafungua maji, akaona hayavuji, akavaa kofia yake akaondoka. Nilibaki nimeshika ukingo wa sinki. Ni kweli. Wale tunaokupenda tulikupenda ukiwa mweusi kwa makaa, hatuoni pua wala mashavu, na tulikujua vizuri kabisa.

Jumapili ile niliposhuka kilimani, kamera yangu nilimpa Guy aiweke kabatini mwa stesheni. Iko huko, imefungwa, ufunguo anao yeye. Sikuitupa, sitakudanganya. Itatoka siku utakayosema wewe. Usiposema, basi, nimeshapiga picha za kunitosha maisha yangu. Na lile neno lako, nimelifikiria sana. Kama ni kwa Kiswahili chenu, kutosha ni kukitoa kitu ndani, basi hapo umekosea, hapo lazima nibishe. Nitakutosha. Nitakutosha katika hicho chumba, katika hilo giza ulilojifunika, hata kwa kukuvuta mguu.

Sikuombi uwe jasiri. Sikuombi unitabasamie. Najua ngozi inauma, yaya ameniambia hata shuka inakuumiza. Nakuomba kitu kimoja tu: siku nikigonga, usimwambie muuguzi hapana. Nyamaza. Ukinyamaza nitaelewa kwamba niingie.

Nakuja kabla mwezi huu haujaisha. Kazini nimeshaomba ruhusa. Yaya anasema mtu yeyote akiingia unageukia ukutani. Geuka tu, mpenzi wangu, usijisumbue kwa ajili yangu. Nimemuuliza upana wa nafasi iliyopo kati ya kitanda na ukuta, akasema kiti kinaingia. Nitakaa upande huo.

Mkeo