Silani Ilikuwa Kabla

Msambweni, Jumatano, mwezi wa Mei, 1956

Mvua imeanza alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa inanyesha tena bila haraka yoyote. Nguo zimekataa kukauka. Naandika jikoni, nimekaa juu ya gunia la mkaa, maana vyumba vyote vimejaa watu na siwezi kupita mlangoni bila kushikwa mkono na kupewa pole.

Pole hizo zanichoma.

Baba yangu aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vikuu, mimi nikiwa bado nanyonya. Simkumbuki. Najua tu kwamba kabla ya kuondoka alimwambia Mama: huyu mtoto, ingawa ni wa kike, asome. Ndiyo maana nimepita chuo cha Kurani kwa Maalim, kisha nikatiwa skuli ya serikali, ambako tunafundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Wasichana tuko wawili tu, na wavulana hutuita mabibi maafisa. Mimi hunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Vita vikikaribia mwisho, chifu alikuja nyumbani na habari kutoka serikalini. Baba amepotea Burma, katika bonde liitwalo Kabaw, wakati wa mvua. Hakusema amekufa. Bibi, yaani mamake Baba, alimjibu chifu kwamba mtu mzima hapotei kama kuku.

Kisha akatokea Hamisi wa Gazi, aliyeondoka pamoja na Baba. Mguu wake ulikuwa umevunjwa na lori la jeshi huko kisiwani Silani, na alikuwa amelazwa hospitali kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Alikuja kumwamkia Bibi, akamwambia, mwanao nimemwacha Silani, mzima, amenenepa. Bibi akaipanga habari kama ilivyomfikia: kwanza amepotea Burma, kisha ameonekana Silani. Basi yumo njiani anarudi. Hamisi akafa kwa homa mwaka uliofuata, na hakuna aliyekuwa amemwuliza zaidi.

Kwa hiyo Baba hakukaliwa matanga. Hakuombewa khitma. Mama hakukaa eda, kwa kuwa eda ni ya mwenye kufiwa, na yeye hakuwa amefiwa. Wala hakuwa na mume. Kila Idd Bibi humpakulia mwanawe sahani ya pilau, ikalala pale mpaka asubuhi yake. Mimi nimekua nikiiona ile sahani, nikidhani kila nyumba inayo.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Kuna fundi cherehani wa Bongwe, Bwana Athumani, mgane mwenye sauti ya chini. Amemposa Mama kupitia kwa Mjomba, kakake Mama. Bibi alisema mtu yule ana cherehani moja na meno mawili. Mama alicheka. Alificha uso kwa leso, lakini nilimwona mabega yakitikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka vile, na tangu siku hiyo nimetaka jambo ambalo mtoto hatakiwi kulitaka. Nimetaka Baba awe amekufa.

Siyo afe. Awe amekwisha kufa.

Wiki iliyopita Mwalimu wetu wa skuli alitufundisha vile vita. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa jeshi, na siku akiamua kutuhadithia, hesabu huwekwa kando. Alichora dunia ubaoni, akatia mishale kwa chaki nyekundu. Akagonga Stalingrad, ambako Wajerumani walizingirwa katika theluji. Akagonga Alamein, kwenye mchanga wa Misri. Hapa na hapa, alisema, ndipo vita vilipogeuka. Halafu akaja upande wetu. Wajapani walikuwa wamefika hadi mlango wa India, huko Imphal na Kohima, wakazuiwa, wakaanza kurudishwa nyuma. Waliotumwa kuwafukuza kupitia bonde la Kabaw ni watu wetu wa Afrika Mashariki, na waliingia wakati wa mvua, ambapo hakuna aliyedhani jeshi laweza kutembea. Magari yalizama. Nyumbu walizama. Waliougua walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Hatimaye walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na mto ukavukwa.

Niliinakili ile ramani yote. Nilipofika kwenye Silani nikaifuata mishale kwa kidole.

Kutoka Mombasa mshale ulikwenda Silani. Kutoka Silani ulikwenda Burma. Kutoka Burma ulikwenda India, kisha nyumbani. Hakuna mshale uliorudi Silani.

Nilirudi nyumbani nikateka maji. Bibi aliniuliza leo umesoma nini, nikamwambia hesabu.

Leo Kadhi amekuja kusikiliza mashauri, amekaa katika baraza la Mudiri, afisa wa serikali. Mjomba ndiye aliyepeleka shauri la Mama. Tulikwenda wote, Bibi akiwa mbele, amejifunga leso mpya kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Mama alikuwa amejifunika buibui na sikuuona uso wake tangu tulipotoka mpaka tuliporudi.

Mjomba alieleza habari ya chifu. Bibi akaeleza habari ya Hamisi, vizuri sana, bila kutetemeka. Kadhi aliwasikiliza wote wawili. Kisha akasema hana ushahidi wa kifo, bali ana habari mbili, na hawezi kuhukumu mpaka ajue ipi ni ya mwisho. Kama mtu alipotea Burma kisha akaonekana Silani, basi yu hai mpaka ijulikane vingine. Kama alionekana Silani kisha akapotea Burma, na miaka yote hii hakuna habari yake, hilo ni jambo jingine. Akauliza ni nani pale aijuaye safari ya wale askari.

Waliokwenda vitani kutoka mtaani kwetu, mmoja yuko Ramisi katika miwa, mwingine amehamia Tanga. Mjomba akanisukuma begani.

"Huyu asoma," alisema. "Mambo hayo ndiyo wanayofundishwa."

Bibi akasema, "Huyo hata salamu humtoka kwa shida."

Wengine walicheka. Kadhi hakucheka. Aliniambia nisogee, akaniambia kwa upole kwamba hanitaki nitoe ushahidi wala niape, ataka nimweleze njia tu, kama ningemweleza njia ya kwenda Lungalunga.

Nikasema, "Silani ilikuwa kabla."

Akauliza kama baada ya Burma hawakurejea Silani. Nikasema hawakurejea, walipelekwa India, na kutoka India wakaletwa nyumbani. Nikasema Hamisi alivunjika mguu Silani, na kwa hiyo Burma hakufika, na kwa hiyo aliyemwacha Silani alimwacha kabla. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ilikuwa wazi, haikukwama hata mara moja. Mwalimu angenisifu.

Bibi aligeuka akanitazama. "Na hicho kitabu chako," akasema, "kimekwambia mwanangu alilala wapi?"

Ubaoni hakukuwa na mahali pa jibu hilo.

Kadhi aliuliza hili na lile, kisha akahukumu. Baba ahesabiwe amefariki. Mama aingie edani leo hii, miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo yuko huru. Mjomba alishukuru. Tukarudi chini ya mvua, na safari hii Bibi alikuwa nyuma.

Kwetu mke anapofiwa, mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye humvua mapambo. Mkubwa wa nyumba ni Bibi. Mama aliketi juu ya mkeka, akavua buibui, akangoja. Bibi alipita akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Shangazi mmoja jirani alijitolea afanye yeye, Mama akakataa kwa kichwa. Basi tukakaa. Niliutazama mlango wa Bibi na nikafikiri, hatatoka, na hata hukumu ya Kadhi haitatosha mpaka atoke.

Alitoka. Alichuchumaa mbele ya Mama kwa shida, magoti yake yanamsumbua wakati wa mvua.

"Lete mkono, mwanangu," alimwambia.

Akamvua bangili moja moja. Akamtoa vipuli vya masikioni. Akaviweka vyote katika upindo wa leso yake mwenyewe. Mama alikuwa akilia kimya, na mimi nikadhani mambo yameishia pale.

Ndipo Bibi akapiga ukemi.

Sijapata kusikia sauti kama ile. Aliita jina la Baba, jina la utotoni ambalo sikulijua mpaka leo, na alikuwa akilia kama mtu aliyeletewa maiti mlangoni. Majirani walikuja mbio kwenye mvua. Wanawake waliacha vyungu motoni. Wanaume walikuja na majembe, kwa sababu wakisikia ukemi ule wanajua kuna kaburi la kuchimbwa. Walisimama uani na majembe yao, maji yakiwatiririka, wakiuliza ni nani, ni nani. Walipoambiwa jina, walitazamana. Vijana hawakulijua. Wazee walilijua, wakashusha majembe polepole, hawajui wayaweke wapi.

Mzee mmoja akauliza, "Amefariki lini?"

Kisha mmoja mmoja wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na mishale, mimi ndiye ninayejua mvua zile zilikuwa za mwaka gani na jeshi lilifika mto ule mwezi gani. Ningeweza kuwaambia. Bibi alikuwa ameishika leso yenye bangili kwa mikono yote miwili.

Nikasema, "Leo."

Hakuna aliyecheka. Bibi peke yake ndiye aliyeitikia kwa kichwa, akajisogeza kwenye mkeka, akaniachia nafasi ya kukaa kati yake na Mama.

Nimekaa hapo hadi nilipotumwa kutazama moto. Bado sijui kitu kimoja. Kama Silani ingekuwa baada, je, ningesema vile vile, kwa sauti ile ile?

Kukicha watakuja wa Gazi na wa Bongwe, na maji ya kuwapikia mimi ndiye wa kuyateka.