Kamba ya Robi

Dada Akinyi,

Ninyi mko na joto la Homa Bay, mimi huku Kegonga navaa sweta mchana. Leo Mwalimu Boke alinikaribisha darasani kwake nione anavyofundisha mtaala mpya. Watoto wa Gredi ya Tano walileta kamba za kuruka walizotengeneza. Shule haina vifaa, kwa hivyo kila mtoto hutafuta kwao. Ya Robi ilizishinda zote: katani nene, vishikio vya magunzi ya mahindi.

Mara baba yake akaingia na fimbo. "Nani alimwambia huyu achukue kamba ya ng'ombe? Ng'ombe imeenda! Ikivuka Tanzania, nitaipata wapi?"

Robi akaficha kamba mgongoni. Boke akasimama kati yao. "Ni mimi nilimwambia alete. Kama ni kuchapa, chapa mimi."

Fimbo ilibaki juu. Nilikuwa nimeng'ang'ania dawati kwa mikono miwili. Boke akasema bila kugeuka, "Watoto, tokeni mkatafute ng'ombe." Wakatoka mbio, na baba akawafuata.

Walimkuta ng'ombe kwenye mahindi ya jirani, karibu kabisa na mpaka. Baba akanyoosha mkono, Robi akampa kamba. Ng'ombe akaenda nyumbani akivutwa kwa kishikio cha gunzi.

Robi akamvuta Boke sketi. "Mwalimu, ulikuwa umeshaniandikia alama?"

Nimewakosa sana. Ochieng wako naye yuko Gredi ya Tano. Mwambie Mama afiche kamba ya mbuzi.

Dadako,
Atieno